Programu za mbunifu wa kujitegemea: kutoka ujumbe wa kwanza wa mteja hadi malipo ya mwisho

Ukimuuliza mtu anayeanza kazi ya ubunifu ya kujitegemea anahitaji programu gani, atakutajia ya kuchorea au ya kuhariri video. Nami nilianza hivyohivyo. Nilikesha miezi nikijifunza tabaka, brashi na rangi, na sijutii hata usiku mmoja. Lakini nilipokaa kuhesabu fedha zilizonipotea mwaka wa kwanza, hakuna iliyopotea kwa sababu ya mchoro mbaya. Zilipotea kwa ankara niliyosahau kutuma, kwa awamu ya saba ya marekebisho niliyoifanya bure kwa kuwa hatukuandikiana popote, na kwa bango nililolichora upya usiku kucha kwa sababu toleo la mwisho sikuliona tena.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na brashi. Unaifuata kazi moja kutoka mteja anapokuandikia mara ya kwanza hadi fedha inapoingia na faili kwenda kuhifadhiwa, na katika kila kituo nataja programu ninazoziamini na namna ya kuzipanga.

Kabla hujapakua chochote

Chukua karatasi, uchore njia ambayo kazi zako hupita: ulizo, makubaliano, arbuni, kazi yenyewe, maoni ya mteja, kukabidhi, ankara, malipo, kuhifadhi. Chini ya kila kituo andika unachokitumia sasa. Kuna vituo vitakavyokuwa na programu tatu au nne, na vingine havitakuwa na kitu isipokuwa kumbukumbu ya kichwa chako. Hivyo vilivyo vitupu ndivyo vya kushughulikia kwanza.

Kisha ipime kila programu kwa maswali matatu. La kwanza: siku nikiiacha, vitu vyangu vitatoka humo kwa umbo linalofunguka kwingine, kama PDF, SVG (michoro), CSV (majedwali) au maandishi ya kawaida? La pili: mtandao ukikatika, nitaendelea na kazi au nitakaa kuitazama skrini? La tatu: naweza kuifungua kwenye simu mteja anaponiuliza jambo nikiwa njiani?

Swali la kwanza nalipa uzito kuliko mengine yote, maana programu hupanda bei, hubadilishwa na huuzwa. Behance, tovuti ya kuonyeshea kazi za wabunifu, ilinunuliwa na Adobe, kampuni ya Photoshop, mwaka 2012, Trello ya ubao wa kazi ikaenda kwa kampuni ya Atlassian mwaka 2017, Frame.io ya maoni ya video ikaenda kwa Adobe mwaka 2021, Affinity, programu za kubuni, ikachukuliwa na Canva mwaka 2024. Figma, ya kubuni tovuti na programu, nayo ilikuwa njiani kwenda Adobe, mpango ukavunjwa Desemba 2023. Sisemi kuuzwa ni kubaya. Nasema kazi yako ya miaka mitano isifungwe mahali ambapo ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Hatua ya 1: ubao mmoja wa kazi zote

Kama utaanza na kitu kimoja tu leo, anza na hiki. Fungua Trello, tengeneza ubao mmoja, uupe safu sita: Maulizo, Nasubiri arbuni, Ninafanya, Iko kwa mteja, Ankara imetumwa, Imelipwa. Kila kazi ni kadi moja. Ndani ya kadi weka jina la mteja, anachotaka kwa maneno yake mwenyewe, tarehe ya kukabidhi, bei mliyokubaliana, na kiungo cha folda ya faili. Kazi ikisogea, kadi inasogea.

Faida yake utaiona asubuhi. Unafungua ubao, na kwa kutupa jicho mara moja unajua nani anakusubiri wewe na nani unamsubiri. Kadi zikirundikana kwenye safu ya "Iko kwa mteja", tatizo lako ni kufuatilia, na kuongeza kasi ya kuchora hakutakusaidia. Safu ya "Nasubiri arbuni" ndiyo iliyonisaidia zaidi: mteja aliyeko humo hajaanza kuwa na haki ya muda wangu, hata akipiga simu mara tatu kwa siku.

Wengi wanaipenda Notion, na kwa mwandishi au mtu mwenye miradi mirefu yenye nyaraka nyingi ni nzuri sana, kwa kuwa inaunganisha majedwali na kurasa. Nina tahadhari moja juu yake. Ni rahisi kuingia Notion ukatoka jioni umejenga mfumo wa kupendeza na hujagusa kazi ya mtu. Kama unajijua una tabia hiyo, baki na ubao wa kawaida. Kwa maandishi yako binafsi, yaani mawazo, utafiti na rasimu, jaribu Obsidian: kila andiko ni faili ya maandishi iliyo kwenye kifaa chako mwenyewe, inafunguka bila mtandao, na hata Obsidian yenyewe ikitoweka kesho, faili zitasomeka.

Hatua ya 2: mazungumzo na makubaliano

Mteja ataongea pale anapopenda yeye, na mara nyingi ni WhatsApp. Usimlazimishe kuhama. Unachoweza kufanya ni kutumia WhatsApp Business, ambayo ni ya bure na inakuruhusu kuwabandika wateja lebo, kuandaa majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, na kuweka ujumbe wa kujijibu wenyewe nje ya saa za kazi.

Mazungumzo yabaki huko, ila uamuzi usibaki huko. Kila mnapokubaliana jambo, andika muhtasari wa mistari michache uutume kwa barua pepe: "Kama tulivyozungumza, nitatengeneza nembo moja, mapendekezo matatu ya awali, awamu mbili za marekebisho." Ujumbe wa sauti wa dakika nne hauwezi kutafutwa baada ya miezi miwili, barua pepe inatafutika kwa neno moja.

Kisha tengeneza kiolezo cha mkataba wa ukurasa mmoja kwenye Google Docs. Si lazima kiwe na lugha ya mahakama. Kitaje kinachotengenezwa na kitakavyokabidhiwa, idadi ya awamu za marekebisho na bei ya kila awamu ya ziada, kiasi cha arbuni, tarehe, nini kitatokea kazi ikisitishwa katikati, na lini haki za kutumia kazi zinahamia kwa mteja. Kwangu zinahamia malipo yakikamilika, na nimeliandika hilo kwa herufi zinazoonekana. Nakili kiolezo kwa kila mteja, kitoe kama PDF, akisaini kwa simu kupitia Adobe Acrobat Reader inatosha kwa kazi nyingi. Kazi ikiwa kubwa, mwonyeshe mwanasheria.

Jambo dogo kwa mwenye wateja wa mbali: kwenye mipangilio ya Google Calendar, ukiifungua kwa kompyuta, unaweza kuonyesha majira ya saa ya maeneo mawili kwa pamoja. Ongeza la mteja wako mkubwa. Litakuepusha na mikutano ya saa tisa mchana ambayo kumbe kwake ni saa tisa ya usiku.

Hatua ya 3: pima muda, hata kama bei ni ya jumla

Hapa ndipo wabunifu wengi hunikatalia. Wanasema, "Mimi silipwi kwa saa, kwa nini nijipime?" Kwa sababu hujui bei yako. Unajua ulichoandika kwenye ankara, basi.

Toggl Track na Clockify zote zina toleo la bure linalomtosha mtu anayefanya kazi peke yake, na zote zinafanya kazi kwenye simu na kompyuta. Chagua moja. Tengeneza mradi kwa kila mteja, halafu ndani yake tumia vitambulisho vinne tu: kubuni, marekebisho, mawasiliano, utawala. Ukiweka kumi na viwili utachoka siku ya tatu. Bonyeza anza unapoanza, bonyeza simamisha unaponyanyuka. Ukisahau, ongeza kwa mkono jioni, usiache siku ipite.

Fanya hivyo kwa wiki nne bila kubadilisha chochote. Baada ya hapo chukua malipo ya kila kazi, ugawe kwa saa zote, pamoja na za mawasiliano. Mimi niligundua kwamba mteja niliyemwona mkubwa, aliyekuwa akinilipa vizuri kuliko wote, ndiye aliyekuwa akinilipa kidogo kuliko wote kwa saa, kwa sababu kila rangi iliamuliwa kwa simu tatu. Sikumfukuza. Niliongeza kwenye mkataba wake kipengele cha mikutano miwili kwa kila mradi, na mingine inalipiwa.

Takwimu hizo zinakuwa rula yako ya kukadiria. Ulidhani bango litachukua saa sita, kipima muda kinasema kumi na moja: makadirio yajayo yaandike kwa kumi na moja, si kwa matumaini.

Kama shida yako ni kutulia, tumia pia mbinu ya Pomodoro aliyoibuni Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980: dakika 25 za kazi, tano za kupumzika. Toggl Track ina kipima cha namna hiyo ndani yake. Kwa kuandika na kwa kazi za utawala inanifaa sana. Kwa kuchora siitumii, kengele hunikatiza wakati mkono umeshaanza kwenda wenyewe.

Hatua ya 4: zana za kazi yenyewe

Swali hapa ni nini mteja atakipokea mwishoni, na zana hufuata jibu. Nembo lazima iwe ya vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora, maana itakaa kwenye kadi ndogo na kwenye ukuta wa jengo. Kwa hilo Inkscape, programu huria ambayo faili zake ni SVG, inafanya kazi ya kweli. Picha zinazohaririwa zinaweza kwenda GIMP, ambayo toleo lake la 3.0, lililotoka mwaka 2025, hatimaye limeleta uhariri usioharibu picha ya asili. Kuchora kwa mkono wa dijitali, Krita. Miundo ya programu na tovuti, Figma, kwa sababu mteja anaifungua kwenye kivinjari bila kupakua kitu. Sauti, Audacity. Vitu vya pande tatu na uhuishaji, Blender.

Adobe bado ndiyo lugha ya studio na wachapishaji wengi. Kama wateja wako wanadai faili za Photoshop au Illustrator zenye tabaka zake, lipa usajili, uuhesabu ndani ya bei. Kama hawadai, usilipe kwa ajili ya heshima.

Kwa video napendekeza DaVinci Resolve. Toleo la bure linahariri, linapaka rangi, linachanganya sauti, na halibandiki alama juu ya video yako. Linataka kompyuta yenye nguvu ya michoro, na hapo ndipo wengi hukwama. Kabla ya kukata tamaa, tengeneza nakala nyepesi za picha zako za video ndani ya Resolve yenyewe, uhariri kwa hizo, kisha utoe kazi ya mwisho kwa faili za asili. Mashine ikigoma hata hivyo, Kdenlive na Shotcut ni nyepesi zaidi.

Neno juu ya Canva. Naitumia kutengeneza violezo ambavyo mteja mwenyewe atavibadilisha baadaye, na hapo haina mpinzani. Usiitumie kutengeneza nembo kwa vipande vya maktaba yake: vipande hivyo vinatumiwa na watu wengine wengi, na masharti ya Canva hayaruhusu kuvisajili kuwa alama ya biashara. Mteja atakayegundua hilo kwa msajili hatakurudia.

Kwa kazi ya kuchapishwa, muulize mchapishaji anataka nini kabla hujaanza. Kwa kawaida ni PDF, rangi za CMYK (za wino wa kuchapia), picha zenye msongamano wa nukta 300 kwa inchi, na milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukata. Inkscape na GIMP zimejengwa juu ya rangi za RGB (za skrini), kwa hiyo wanaotumia programu huria huipitisha kazi kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa, ili kutoa PDF ya CMYK.

Fonti na picha, andika leseni yake kwenye kadi ya kazi siku ileile unapozipakua. Google Fonts ni salama kwa kazi za biashara. Fonti iliyoandikwa "bure kwa matumizi binafsi" si ya kumwekea mteja.

Hatua ya 5: majina, folda na nakala za akiba

Kila mradi wangu una folda tano, na majina hayabadiliki: 01_Maelezo, 02_Malighafi, 03_Kazi, 04_Kukabidhi, 05_Hati. Faili zinaanza na tarehe iliyoandikwa mwaka kwanza, halafu mteja, kitu, toleo: 2025-03-14_mteja_bango_v03. Tarehe ikianza na mwaka, kompyuta inazipanga yenyewe kwa mfuatano. Neno "mwisho" nimelipiga marufuku kwenye majina ya faili. Kinachokwenda kwa mteja kinaingia 04, na ukiwa ndani ya 04 usihariri kitu.

Tengeneza folda hizo mara moja zikiwa tupu, uzihifadhi kama kiolezo, uzinakili kila kazi mpya inapoingia.

Sasa nakala za akiba. Kanuni inayofuatwa ilienezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa mtu mmoja maana yake ni kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni. Google Drive inakupa GB 15 bure, lakini zinagawanywa na barua pepe zako na Google Photos. Dropbox inatoa GB 2. Kwa picha na nyaraka zitakupeleka mbali kiasi, kwa video utalipia mapema.

Wengi hudhani folda inayojilinganisha na mtandao ni nakala ya akiba. Siyo. Ukifuta faili kwenye kompyuta, inafutika na kule. Ukiiharibu, iliyoharibika ndiyo inayopanda. Google Drive inaitunza kwenye tupio kwa siku 30, baada ya hapo imekwenda. Diski ya nje ndiyo inayokuokoa. Kwenye Mac washa Time Machine. Kwenye Windows tumia File History, au FreeFileSync ikiwa unataka kuchagua folda mwenyewe. FreeFileSync inafanya kazi kwenye Linux pia. Weka siku maalumu ya wiki, ukimaliza chomoa diski uiweke mbali na kompyuta.

Akiba haiozi, ila inaweza kuwa imeoza bila wewe kujua. Diski yangu ya kwanza niliinakilia kila Ijumaa kwa nusu mwaka. Kompyuta ilipokufa nikaichomeka, nikakuta folda ya miradi ilikuwa inanakiliwa ikiwa tupu, kwa sababu nilikuwa nimeihamisha mahali na sikubadilisha mpangilio. Tangu siku ile, kila mwezi ninachagua mradi mmoja wa zamani, ninaufungua kutoka kwenye diski, naangalia kama tabaka na fonti zimo.

Hatua ya 6: maoni ya mteja na kukabidhi

Maoni yakitawanyika, kazi haiishi. Yakusanye juu ya kazi yenyewe. Figma inamruhusu mteja kubofya pale pale asipopapenda na kuandika. PDF iliyoko Google Drive inapokea maoni vilevile. Video, Frame.io: maoni yanakaa kwenye sekunde husika, na hutasoma tena "ile sehemu ya katikati". Maandishi, Google Docs kwa njia ya mapendekezo, yenye historia ya matoleo nyuma yake.

Mpe tarehe ya mwisho ya kukusanya maoni, na umwombe mtu mmoja wa upande wake ayaunganishe. Watu wanne wakikutumia maoni yanayopingana, usiamue wewe. Warudishie.

Unapotuma picha kwa WhatsApp, zitume kama hati, la sivyo zinabanwa na rangi zinafifia. Faili kubwa zinakwenda kwa WeTransfer, lakini kiungo chake hufa baada ya siku chache, kwa hiyo mwambie mteja apakue mara moja na usikihesabu kama hifadhi. Kabla ya malipo ya mwisho mimi hutuma toleo dogo lenye alama katikati.

Hatua ya 7: ankara na malipo

Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walishasema. Ankara inatoka siku ya kukabidhi, wala si wikiendi, wala si ukipata nafasi. Zoho Invoice ni ya bure na ina vikumbusho vinavyojituma. Invoice Ninja msimbo wake uko wazi kusomwa, na mwenye ujuzi anaweza kuiweka kwenye seva yake. Kwa kazi chache kwa mwezi, jedwali la LibreOffice Calc na kiolezo kizuri cha ankara vinatosha kabisa.

Weka namba za mfuatano zisizorukwa, tarehe ya kutoa, tarehe ya mwisho ya kulipa, namba ya mkataba, na maelezo kamili ya njia ya malipo. Kumbusha siku tatu kabla ya tarehe, siku yenyewe, na wiki moja baadaye. Andika vikumbusho hivyo mapema ukiwa umetulia, kwa adabu. Ukiandika siku ya hasira utaandika usichotaka.

Kwa wateja wa nchi za nje kuna PayPal, Payoneer na Wise, ambayo hadi mwaka 2021 ilikuwa ikiitwa TransferWise. Kabla hujamwahidi mteja, hakikisha kwamba nchini kwako huduma hiyo inapokea fedha na pia inazitoa hadi benki au simu yako. Zipo nchi ambako unaweza kutuma tu. Jitumie kiasi kidogo kwanza, utazame kinachofika baada ya makato na ubadilishaji, ndipo upange bei.

Hatua ya 8: funguo zako

Akaunti yako ya barua pepe ndiyo mlango wa vyote vilivyotajwa hapo juu. Sakinisha Bitwarden au KeePassXC, acha programu ikutungie nywila tofauti kwa kila huduma, na nywila za wateja ziingie humo pia, si kwenye kadi za Trello. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu kama Aegis kwenye Android. Zile namba za dharura unazopewa ukiiwasha, zichapishe uziweke na diski yako. Simu ikiibwa, hizo ndizo zitakazokurudisha ndani.

Na mteja mpya akikutumia "maelezo ya kazi" ndani ya faili ya ZIP inayotaka nywila, ambayo ukiifungua ina kitu kinachoishia na .exe au .scr, yaani programu inayoweza kuwa na virusi, usikibonyeze. Mwombe maelezo kwa PDF au kwa maandishi ya kawaida.

Ukitaka kuacha usajili

Fungua taarifa yako ya malipo mara moja kila mwezi, uorodheshe programu zote zinazokukata fedha, na kando ya kila moja andika kazi ya mwisho uliyoifanyia. Ile isiyo na kazi kwa miezi mitatu, iache. Ila kabla ya kubonyeza kitufe cha kusitisha, ingia kwenye folda za 03_Kazi, toa kila mradi wa programu hiyo kwa umbo la wazi: SVG kwa vekta, TIFF kwa picha, WAV kwa sauti, PDF kwa kurasa. Weka fonti zake kando yake, kama leseni inaruhusu. Zifungue kwenye programu nyingine uone kama zimetoka salama. Hapo ndipo usitishe.